Tulimtandikia Mgeni Mazulia

Duka langu linatazamana na nyumba ya Lalla Fadma, na kwa miaka mingi sikuweza kufungua mlango asubuhi bila kuona kichwa chake dirishani kikiniuliza kama mkate umefika. Nikimwambia bado, ananigombeza mimi, kana kwamba mimi ndiye tanuri. Hapa Imi n-Wasif hakuna ambaye hajagombezwa naye. Ni mfupi, mnene kidogo, ana sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya mto. Mumewe alikwenda Ufaransa kufanya kazi ya ujenzi, akaoa huko na hakurudi tena. Watu walipokuja kumpa pole aliwapa chai, akawaambia, "Afadhali. Alikuwa anakoroma."

Watu wa Casablanca humwita kiongozi wa jamii. Wamewahi kumpiga picha akiwa ameshika ua, yeye ambaye maua huwapa mbuzi. Sisi tunamwita Lalla Fadma, yaani Bibi Fadma, na akiwa mbali tunamwita na mengine. Nasimulia habari zake kwa sababu picha ile ya ua inanikera kila nikiikumbuka.

Juu yetu mlimani, mwendo wa nusu siku kwa nyumbu, kuna kijiji cha Ighil. Shule ya huko inaishia darasa la sita. Anayetaka kuendelea lazima ashuke kwetu, kwenye shule ya kati. Wavulana walishuka tangu zamani. Wanapanga chumba, wanachemsha viazi, wanapigana, wengine wanafaulu. Wasichana walibaki juu na mbuzi, maana hakuna baba wa Ighil aliyekuwa tayari binti yake alale kwenye chumba cha kupanga, nami siwezi kumlaumu.

Lalla Fadma alianza kuwalaza kwake, kwanza mmoja tu, Tuda, binti wa binamu yake. Mwaka uliofuata wakaja wengine, chumba kikajaa, na shayiri yake ikaisha. Hapo ndipo alipokwenda kwenye baraza la wanaume, wale wanaokaa kwenye ukuta wa msikiti kuamua habari za maji ya mfereji na chakula cha fakihi. Fakihi wetu hana jiko. Kila nyumba humpikia kwa zamu, na zamu ikikufikia, hata kama ninyi mnakula mkate na kitunguu, yeye anapata nyama. Zamu hairukwi. Mtu akiiruka, habari zake zinafika sokoni kabla yake.

Alisimama pembeni, shela mdomoni, akasema, "Fakihi mmemlisha tangu enzi za babu zenu na hakuna aliyefilisika. Nyumba inayompikia yeye iongeze maji kwenye supu, ilete na kwangu."

Mzee mmoja akamjibu, "Fakihi anatusomea Kurani. Hao wasichana watatusomea nini?"

"Barua za waume waliosahau njia ya kurudi."

Wanaume wakacheka, na wakishacheka huwa wameshashindwa. Tangu siku hiyo zamu ikawa ya wote wawili, fakihi na wasichana. Mimi nilinung'unika kuliko wote. Marehemu mke wangu alikuwa akipika kwa mkono wa chumvi, na wasichana wakijua. Ukifika ukumbini na sufuria unasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Leo zamu ya ami Lahsen, weka ndoo ya maji karibu." Nilikasirika, halafu nikirudi nyumbani namsimulia mke wangu, naye anacheka mpaka anakaa chini.

Baadaye akaja Bi Ghita. Alikuwa bado kijana, na viatu vyake havikujua mawe. Baba yake alikuwa tajiri wa Casablanca, na alipofariki aliacha mali iundiwe taasisi ya kusaidia watu. Binti akaichukua kazi hiyo kwa moyo wote; hilo halina ubishi, hata nikiwa na hasira. Alijenga ghorofa moja juu ya nyumba ya Lalla Fadma, akaleta vitanda vya chuma, jiko la gesi, mpishi, na mshahara wa Lalla Fadma mwenyewe. Akambandika na cheo cha mkurugenzi. Siku ile nilivuka barabara kumsalimu.

"Madam Mkurugenzi, naomba ruhusa ya kuingia."

"Vua viatu kwanza," akasema. "Cheo hakifagii."

Bi Ghita alipoona akina mama wanapanga foleni na masufuria, alisikitika. Alimshika Lalla Fadma mkono akamwambia, "Hawa nao ni maskini. Tusiwabebeshe mzigo. Waambie wapumzike, chakula kitatoka kwetu." Lalla Fadma akapita nyumba kwa nyumba kutuambia tupumzike. Nasi tulipumzika vizuri sana.

Miaka ile ilikuwa mizuri, sitadanganya. Tuda akawa muuguzi Agadir, kila Idi anatuma shela. Mwingine akawa mwalimu. Wengine waliolewa wakiwa wakubwa, kwa watu waliowataka. Na kila mwaka waliteremka wapya wakiwa na magodoro yao ya sufu juu ya nyumbu, wanalia jioni ya kwanza, na baada ya wiki mbili wananidai biskuti kwa mkopo.

Katika hao wa mwisho alikuwapo Ijja, binti wa Hmad wa Ighil. Mdomo wake ulikuwa hauna breki. Alikuwa akiingia dukani, anashika pakiti ya biskuti, anaigeuza juani, kisha ananiuliza kwa upole, "Ami Lahsen, hizi nizile au nizibusu mkono? Naona ni za umri wa babu." Nikimfukuza anatoka akicheka, kisha anarudi kuzinunua hizo hizo. Lalla Fadma alikuwa akimgombeza kuliko wengine, maana yake alimpenda kuliko wengine. Alitaka Ijja awe wakili. "Mungu amempa mdomo," alisema, "usiishie kwa mbuzi." Ijja mwenyewe alikuwa amebakiza miaka miwili amalize shule ya kati.

Basi Bi Ghita akakua, na akili yake ikafika mahali. Alianza kutuuliza maswali mazito kila anapokuja. Siku moja tumekaa kibarazani kwa Lalla Fadma, akasema, "Nimekwenda ofisi ya elimu kuomba Ighil ijengewe shule ya kati. Unajua wamenijibu nini, Lalla? Wamesema hakuna haja, wasichana wa Ighil wana nyumba yako. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Sisi ndio kisingizio chao."

Lalla Fadma akaweka glasi yake ya chai chini.

"Tunaziba tundu," Bi Ghita akaendelea, "na kwa kuwa tumeliziba, hakuna anayejenga ukuta. Taasisi inataka kubadili njia. Fedha zetu tuzitumie kuibana serikali ijenge. Tukipata shule moja Ighil, ni wasichana wa miaka yote ijayo. Wanalala kwao, wanasoma kwao."

"Maneno yako ni ya kweli," Lalla Fadma akasema. "Na hawa waliomo ndani?"

"Sasa tuna nyumba nyingi kama hii. Zilizo dhaifu tutaendelea kuzibeba mpaka shule zijengwe. Zenye nguvu zitajitegemea. Nitapita moja moja nione kwa macho yangu."

Hapo sasa ndipo tulipofanya yetu.

Maana nyumba ilikuwa dhaifu. Bomba la maji lilikuwa limepasuka, dari lilivuja kwenye chumba cha juu, springi za vitanda zilikatika na wasichana wakilala wawili wawili kwenye vilivyobaki. Mpishi aliondoka. Lalla Fadma alikuwa amepiga simu Casablanca mara nyingi kueleza haya. Lakini kumweleza mtu kwenye simu ni jambo moja, na mtu huyo kuingia nyumbani kwako akiwa mgeni ni jambo jingine. Habari ilipoenea kwamba Bi Ghita anakuja kwa siku nzima na wenzake wawili, mtaa mzima ulisimama. Hatukuitwa na mtu. Mgeni anakuja, basi.

Mimi nilileta mazulia yangu mawili mekundu, ya harusi yangu. Jirani akaleta trei ya fedha na birika. Mwingine akaleta asali ya mzinga wake, ambayo hata mwanawe haonjeshwi. Hmad akashuka kutoka Ighil na kondoo dume. Akina mama wakapaka chokaa mahali dari lilipovuja, vitanda vibovu vikapandishwa darini na kufunikwa na majani ya mbuzi. Wasichana wakavalishwa mitandio mizuri ya kuazima.

Nilimkuta Lalla Fadma chumba cha juu, amepiga magoti, anavuta pembe ya zulia langu lifunike doa la maji sakafuni.

"Lalla," nikamwambia, "hilo doa si ndilo alilokuja kuliona?"

"Aone nini? Aseme alifika kwa Fadma akakalishwa kwenye maji machafu?"

"Ndiyo, aseme hivyo."

"Mkeo angekusikia angekufa mara ya pili. Nenda kalete mito, uache falsafa."

Nikaleta mito. Nilijua tunakosea, na yeye alijua; nilimwona anavyolitazama lile doa. Lakini mgeni alikuwa njiani, na mikono yetu haijui kufanya kitu kingine.

Bi Ghita alikula, akanywa chai, akaimbiwa. Ijja alimsomea shairi la Kifaransa huku amekaa juu ya zulia langu kama binti wa mfalme. Machozi yakamlengalenga Bi Ghita. Alisema, "Angalieni walivyojipanga. Hawa wanatufundisha sisi." Wenzake wawili wakatikisa vichwa. Nilimtazama Lalla Fadma nikitumaini atasema, hata neno moja tu. Alikuwa anamwongezea mgeni nyama.

Kabla majira ya joto hayajaisha, simu ikapigwa. Nyumba ya Imi n-Wasif imeonekana kuwa na nguvu. Itajitegemea.

Lalla Fadma hakulia. Alivaa shela lake akaenda kwenye ukuta wa msikiti, akasimama palepale aliposimama zamani, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Aliomba zamu ya wasichana irudishwe. Wanaume walimpa heshima zote. Walimwita lalla, walimwita mama yetu. Kisha mmoja akasema taasisi haiwezi kuwaacha, ni suala la muda tu. Mwingine akasema nyumba ile si ya mtaa tena, ina kibao cha watu wa Casablanca mlangoni, vipi mtaa uilishe nyumba ya tajiri. Wa tatu akasema mwaka huu mizeituni haikuzaa. Wote walisema kweli. Mimi nilipeleka sufuria siku ya kwanza, na jirani yangu siku ya pili, na siku ya tatu haikuja sufuria yoyote. Zamani hata aliyechukia angeileta, kwa kuogopa macho ya watu. Sasa hapakuwa na macho ya kuogopa. Zamu ikishalala, hakuna wa kwanza wa kuiamsha, na kila mtu anamsubiri mwenzake.

Wasichana walirudi Ighil mmoja mmoja. Ijja alikuwa wa mwisho. Alikuja dukani kuniaga, godoro lake likiwa tayari juu ya nyumbu, na Hmad amesimama nje ameshika kamba, anatazama pembeni. Nikampa pakiti ya biskuti. Aliigeuza juani kama kawaida yake, kisha akanishukuru. Afadhali angenitukana.

Bi Ghita hakutuacha. Hapo wengi wanamkosea. Alipigania ile shule ya Ighil kama anapigania nyumba ya mama yake. Alikwenda Rabat, alizungumza redioni, alimchukua Lalla Fadma mpaka Marrakech akahutubie ukumbi wa watu wenye tai. Hapo ndipo Lalla Fadma alipopigwa picha ya ua. Alirudi akaniambia, "Lahsen, walinipigia makofi kila nilipovuta pumzi. Nikajua hawatatupa kitu."

Jibu la ofisi lilipotoka, Bi Ghita alilisoma kwenye simu, na Lalla Fadma akaweka simu yake katikati yetu nisikie. Ofisi inasema shule hujengwa pale penye wanafunzi, na mwaka huu hakuna msichana hata mmoja wa Ighil aliyeandikishwa shule ya kati. Kwa hiyo haja haionekani.

"Si kwa sababu nyumba imefungwa?" Lalla Fadma akauliza.

"Nimewaambia hivyo, Lalla."

"Ilipokuwa wazi walisema haja haipo kwa sababu iko wazi."

"Najua." Nikasikia Bi Ghita anakunja karatasi. "Najua, mama. Nimefanya hesabu yote sawasawa, sijui nilikosea wapi."

Lalla Fadma akamfariji. Nasema kweli, yeye ndiye aliyemfariji mwenzake, akamwambia ale vizuri, amekonda. Halafu akakata simu akakaa ameshika tama, na mkate ulipofika hakuuliza.

Bado kulikuwa na tundu moja la kutokea. Bi Ghita aliwaganda watu wa ofisi ya elimu mpaka wakakubali kumtuma afisa apande Ighil ajionee mwenyewe. Akirudi na neno zuri, shule itaingia kwenye mipango. Lalla Fadma alifufuka. Alipanda Ighil kabla ya afisa, juu ya nyumbu, na magoti yake yale, nami nikamfuata kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kugombezwa njia nzima. Alipita mlango kwa mlango.

"Akija, mpeni chai tu," aliwaambia. "Chai na mkate mkavu. Msichinje. Msitandike. Mwambieni hatuna kitu, binti zetu wamekaa bure. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Lalla."

"Hmad, umenielewa?"

"Chai tu," Hmad akasema. "Wallahi, Lalla, chai tu."

Siku ya afisa tulipanda tena. Harufu ya nyama tuliipata tukiwa bado bondeni. Lalla Fadma alimsimamisha nyumbu akafumba macho. Tulipofika kwa Hmad, chumba cha wageni kilikuwa na mazulia ya kijiji kizima, moja juu ya jingine. Hmad alikuja kutupokea, jasho linamtoka.

"Lalla, nisamehe. Mtu amepanda mlima wote huu. Nimkalishe juu ya udongo?"

Lalla Fadma akavua viatu akaingia. Angejibu nini, na yeye ndiye aliyefunika doa kwa zulia langu?

Afisa alikuwa mtu mzuri. Mtu wa makamo, amechoka, viatu vimejaa vumbi, anasema bismillahi kabla ya kukaa. Nilikuwa nimekuja tayari kumchukia na nikakosa pa kuanzia. Tulipokwisha kukaa, Lalla Fadma alijikaza akaanza. "Bwana, nakuomba unisikilize. Kijiji hiki kina wasichana ambao—"

"Lalla," Hmad akamkatiza kwa upole, macho yanamwomba, "mgeni hajanawa."

Na ni kweli, kwetu mgeni hapelekewi shida kabla hajanawa mikono na kula. Lalla Fadma akasubiri.

Kwa Hmad hakuna mtoto wa kiume, hivyo aliyekuja na birika la maji na beseni alikuwa Ijja. Alikuwa amerefuka. Alipiga goti mbele ya afisa, akammiminia maji taratibu, kitambaa begani, macho chini. Afisa akamtazama kama mtu anavyomtazama bintiye. "Na wewe, mwanangu," akamuuliza, "unasoma?"

Nikaona mgongo wa Lalla Fadma unanyooka. Huo ndio mdomo aliousubiri miaka yote, mdomo ambao Mungu aliutoa usiishie kwa mbuzi, na sasa umeulizwa swali lenyewe, na mtu mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Ijja alimtazama baba yake. Hmad alikuwa ameinamia mazulia aliyoazima. Kusema la kweli mbele ya mgeni ni kusema huyu baba ameshindwa, na nyama hii yote ni ya uongo.

"Nimemaliza, sidi," Ijja akasema.

"Mashallah," afisa akasema, akafuta mikono. "Hongera sana."

Lalla Fadma alifungua mdomo. Lakini kumpinga mtoto pale kungekuwa kumwita Hmad mwongo ndani ya nyumba yake, juu ya chakula chake. Akaufunga. Nyama ikaletwa. Afisa alikula, akasifu, akatazama ukungu unaoshuka mlimani, akasema lazima awahi kuteremka. Mlangoni aliwaambia wazee amefurahi kuona kijiji kina neema na mabinti wake wamesomeshwa, na ndivyo atakavyoeleza huko alikotoka.

Tuliteremka nyuma yake polepole. Lalla Fadma alikaa juu ya nyumbu, ameshika pembe ya shela, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunigombeza, ingawa niliongoza nyumbu vibaya na kumpitisha kwenye mawe.

"Umemsikia alivyojibu?" akaniuliza mwisho.

"Nimemsikia."

"Kwa adabu. Bila kumwaibisha baba yake." Akalivuta shela usoni. "Alipokuja kwangu alikuwa anamjibu kila mtu. Ile adabu nilimfundisha mimi, Lahsen."